Andika Hali Mpya Kila Baada ya Kipimo

Mhadhara kwa wanafunzi wa fizikia wa mwaka wa pili na wa tatu, Tunguu, Unguja

Assalamu alaykum, wanangu. Ahsanteni kwa kuja mchana huu, na jua lenyewe mnaliona.

Nimeombwa nizungumzie maswali ya spini, ile tabia ya asili ya elektroni inayoifanya iwe kama sumaku ndogo. Nimekubali upesi, kwa sababu naona vijana wenye akili nzuri wakiyakimbia, na hesabu zake si za kukimbiwa. Matriki, yaani majedwali ya namba, ni za mbili kwa mbili. Namba ni nusu, na kipeuo cha pili cha 2, na mara mojamoja namba changamano. Kinachowaangusha wengi si hesabu. Ni kwamba atomi imeshapimwa, nao bado wameishikilia hali yake ya zamani. Hilo ndilo lililonileta.

Twende kwanza Frankfurt, Februari 1922. Otto Stern na Walther Gerlach walichemsha madini ya fedha ndani ya tanuri, wakapitisha mwale mwembamba wa atomi zake katika ombwe, katikati ya ncha mbili za sumaku zilizochongwa kwa makusudi ili uga wake usiwe sawa kila mahali. Mwisho wa njia waliweka kioo, atomi zigande juu yake. Atomi ya fedha ina elektroni 47. Sumaku za zile 46 zinafutana, inabaki ya elektroni moja tu. Ingekuwa sumaku hiyo ndogo inaweza kuelekea upande wowote, kama fizikia ya zamani ilivyodai, kioo kingepakwa doa moja refu lisilokatika. Alama zilizotokea ni mbili, na katikati pengo. Wakati huo neno spini halijaingia katika fizikia. Wanafizikia Uhlenbeck na Goudsmit walikuja nalo 1925. Mimi huwa nafurahi kila nikilifikiria hilo: jibu lilikuwapo juu ya kioo miaka mitatu kabla ya watu kujua ni jibu la swali gani.

Kutokana na kioo kile, mstari wa kwanza wa jibu lako kwa atomi ya namna hii uwe huu: majibu ya kipimo ni mawili tu, ħ/2 juu au ħ/2 chini, uelekeo wowote utakaokielekeza kifaa (ħ ni namba isiyobadilika ya Planck, imegawanywa kwa 2π). Ukiona umepata jibu la tatu, rudi nyuma. Na wastani usiuchanganye na jibu. Atomi iliyoandaliwa juu kwa z, yaani kwa mhimili tuliouchagua kuwa wa wima, ukiipima kwa mhimili uliolala nyuzi 60 kutoka z, wastani wake ni ħ/4. Lakini hakuna atomi hata moja itakayokupa ħ/4. Robo tatu zitakupa juu, robo moja chini, na ħ/4 unaipata kwenye daftari baada ya kujumlisha na kugawa.

Sasa tufike penyewe. Msimu wa karafuu Pemba, watu wanakaa kuchambua: karafuu huku, makonyo, yaani vijiti vyake, kule. Lichukue rundo la karafuu ulitenge tena, kavu huku, mbichi kule. Katika zile kavu, nani atategemea kuyakuta makonyo tena? Hakuna. Makonyo yameshatoka. Basi chukueni atomi za fedha, mzipitishe kwenye kifaa cha z, yaani sumaku kama ile ya Frankfurt iliyoelekezwa z, mziache zilizotoka juu tu. Hizo zipimeni kwa x, mhimili ulio nyuzi 90 kutoka z, mbakishe zilizotoka juu kwa x. Kisha hizo hizo zipimeni tena kwa z. Mwanafunzi anaandika: zote juu, maana za chini tulishaziondoa. Sivyo. Nusu zinatoka juu na nusu chini. Makonyo yamerudi.

Yametoka wapi? Hayakuwa yamejificha. Kipimo cha x kimeiweka atomi katika hali mpya, na katika hali hiyo atomi haina thamani ya z. Naomba mnielewe vizuri: sisemi inayo ila sisi hatuijui. Haina. Hali ya juu kwa x ni jumla ya juu kwa z na chini kwa z, kila moja ikiwa na amplitudi (namba ambayo ukubwa wake kwa kipeo cha pili ndio uwezekano) ya 1 kugawa kwa kipeuo cha 2. Matriki zenyewe za spini kwa kila mhimili, Sx, Sy na Sz, zinakwambia hivyo: Sz mara Sx ukitoa Sx mara Sz hupati sifuri, unapata iħ mara Sy. Vitu viwili ambavyo mpangilio wa kuzidisha unabadilisha jibu, haviwezi kuwa na thamani kamili pamoja katika hali hizi.

Kwa hiyo, kila kifaa kikishapima, piga mstari kwenye daftari, andika: hali sasa ni hii. Ya juu ya mstari usiyatumie tena. Ndiyo maana uwezekano wa atomi iliyokwisha kutoka juu kwa z kupita juu kwa x, kisha ikatoka chini kwa z, ni nusu mara nusu, yaani robo.

Kuhusu pembe nitasema kwa ufupi. Uwezekano wa atomi kutoka juu ni kosini ya nusu ya pembe kati ya mhimili wake na wa kifaa, kwa kipeo cha pili. Wengi wanaisahau ile nusu kwa sababu walizoea sheria ya Malus ya mwanga, ambako pembe inaingia nzima. Jipime kwa nyuzi 180: aliye juu kwa z hawezi kutoka juu kwenye kifaa kilichopinduliwa, basi jibu lazima liwe sifuri. Weka pembe nzima uone utapata moja.

Nataka tukae zaidi kwenye swali hili, kwa sababu ndani yake ndimo fizikia ya kwanta ilimo. Atomi ziko juu kwa z. Kifaa cha x kinazigawa njia mbili, lakini safari hii hatuzibi njia yoyote, wala hatuweki chochote cha kuandika atomi imepita wapi. Tunaziunganisha njia mbili kwa uangalifu, halafu tunapima z. Ngapi zitatoka chini?

Ukiziba njia ya chini ya x, tumeshaona, robo ya atomi zilizoingia zinatoka chini kwa z. Ukiziba ya juu, robo vilevile. Mtu atajumlisha: robo na robo, nusu. Jibu la kweli ni sifuri. Njia ya kwanza inachangia amplitudi ya nusu, ya pili inachangia hasi nusu, nazo zinafutana. Kwa upande wa juu, nusu na nusu zinajumlika kuwa moja, atomi zote zinatoka juu. Yaani kufungua njia ya pili kumezizuia atomi zilizokuwa zikipita! Hakuna hesabu ya uwezekano wa kawaida itakayokupa hilo. Lakini weka kifaa kinachoandika njia, hata kama hakuna mtu atakayesoma maandishi yake, na ile nusu inarudi.

Basi kabla ya kujumlisha, jiulize: kuna alama yoyote popote inayotofautisha njia hizi? Ikiwapo, jumlisha uwezekano. Isipokuwapo, jumlisha amplitudi kwanza, ndipo uchukue kipeo cha pili. Swali hilo ulijibu kwa maneno, kwa Kiswahili chako, kabla kalamu haijagusa matriki.

La mwisho mwende nalo. Atomi ya juu kwa z haipiti kabisa kwenye kifaa kilichopinduliwa nyuzi 180. Weka katikati kifaa kimoja cha nyuzi 90, ukibakisha za juu tu: sasa robo inapita. Weka viwili, nyuzi 60 na nyuzi 120: zinapita 27 katika kila 64. Weka vitano, kila kimoja kimezidi mwenzake nyuzi 30, nawe utapata karibu 0.66. Kila kifaa kinazuia baadhi, lakini tukiviongeza hivi zinazofika zinazidi. Njooni kwenye kipindi cha mazoezi na daftari zenye mstari baada ya kila kipimo, na mnieleze jibu linaelekea wapi vifaa vikiwa vingi mno.