Usikubali bei kabla fundi hajapanda darini

Haya tuendelee, wale wa nyuma sogeeni. Mnataka bei, nitafika, ila kwanza hili ambalo wengine mmeshanisikia nikilisema mpaka mmechoka: unapokarabati nyumba, usikubali kotesheni ya AC ya nyumba nzima kwa fundi ambaye hajapanda darini kwako.

Fundi anasimama sebuleni, anauliza vyumba vingapi, unamwambia vinne, anaandika tani tano anaondoka. Hizo tano kazitoa wapi? Tani hapa sio uzito, ni nguvu ya kupoza: tani moja ni BTU (kipimo cha joto) 12,000 kwa saa, yaani mashine inatoa nje joto la kama kilowati 3.5. Kwa hiyo swali ni joto kiasi gani linaingia ndani, na nyumba zetu za Dodoma, iwe Ilazo, Kisasa au Nkuhungu, joto kubwa linatoka juu. Bati, kenchi, jipsamu, basi. Oktoba Novemba, saa nane mchana, panda ngazi uguse hiyo dari kwa mkono. Halafu humohumo kenchini ndo tunapitisha dakti, yaani njia za kusambaza hewa ya baridi vyumbani! Umenunua baridi kwa LUKU unaipitisha kwenye tanuri.

Kwa hiyo kwenye ukarabati, dari ikiwa imefunguliwa, weka foili na zile blanketi za kuzuia joto, ziba mianya, ndo fundi aje apime chumba kimoja kimoja, kioo kiasi gani, dirisha linaangalia wapi. Chumba kinachopigwa na jua la magharibi saa kumi hakiwezi kulingana na kilichokingwa na baraza. Ukishaziba juu tani zinashuka, na hapo unaokoa kwenye mashine, kwenye waya, na kila ukinunua umeme.

Kuna anayesema, mwalimu, hapa Juni Julai tunavaa majaketi, AC ya nini? Ni kweli, na hewa yetu ni kavu sio kama ya Dar, ndo maana nawakataza kununua kubwa. Ikizidi inapoza chap inazima, inawaka inazima, kompresa inachoka. Kama mnalala vyumba viwili tu fungeni split mbili, zile AC za chumba kimoja, za inverter, zinazopunguza kasi badala ya kuzima, yatosha. AC ya dakti, hiyo ya nyumba nzima, ina maana pale dari yote inapofumuliwa, kwa sababu dakti na blanketi lake vinataka sentimita 25 mpaka 30 hivi, mrija wa maji unataka mteremko, na filta inataka mlango wa kuifikia, maana vumbi letu mnalijua. Jipsamu ikishapigwa rangi ukaja kuikata tena, umelipa mara mbili.

Bei sasa, muda umeisha. Anayekutajia bei kwa simu anabahatisha. Dai kotesheni iliyochambuliwa: mashine peke yake, bomba za shaba kwa mita, dakti, umeme, kurudishia jipsamu, ufundi. Gesi ya kupozea iwe R32 au R410A, R22 kataeni hata kama bei inavutia, inaondolewa chini ya Itifaki ya Montreal, mkataba wa kulinda tabaka la ozoni, na kuja kuijaza baadaye itakuwa shida. Mashine kubwa nyingi zinataka umeme wa fezi tatu, yaani laini tatu badala ya moja, nenda TANESCO kabla hujaagiza. Tena tuko mita 1,100 juu ya bahari, hewa nyepesi inabeba joto kidogo kuliko ya pwani, mwulize fundi kama amelihesabu hilo.

Sola tuiache leo. Nani kaja na ramani ya nyumba yake? Lete hapa, tuanze na vyumba vya magharibi.