Mtakaa Wapi Kwanza?

Mhadhara wa wakili mmoja kwa vijana na wazazi, ukumbi wa parokia, Moshi, Jumamosi alasiri. Umeandikwa kama ulivyosemwa.

Asanteni. Kaeni jamani, viti vipo huku mbele. Ukumbi wa kanisa sijui una nini, watu huujaza kuanzia nyuma hata siku ambayo hakuna mchango.

Nimeombwa niongee na nyinyi kuhusu jambo ambalo hapa Moshi si geni tena: kuoana na mtu wa nchi nyingine. Kijana anapandisha wageni mlimani, siku sita au saba njia ya Machame, wakishuka pale Mweka kuna wawili wameshazoeana. Miezi inapita simu hazikatiki. Mwaka unaofuata mgeni anarudi, na safari hii hata haulizi habari ya mlima. Wengine mmekutana hospitalini, wengine shule ya kujitolea, wengine kwenye simu tu. Sikuja kuwahukumu. Mume wangu mwenyewe si mtu wa huku, na mama yangu alichukua miaka mitatu kulitamka jina lake bila kucheka.

Kilichonileta ni hiki. Karibu kila anayefika ofisini kwangu huanza na swali moja: "Wakili, tuombe viza gani?" Nami humuuliza, mtakaa wapi? Hapo ananyamaza. Rangi ya sare wameshachagua, kamati wameshaunda, hata MC ameshapewa kianzio. Lakini hawajakaa chini, wawili peke yao, wakaamua kama maisha yao yatakuwa hapa Rau au yatakuwa Ohio. Mkishajua mtakaa wapi, mtajua ndoa ifungwe wapi na lini, na hapo njia ya kibali imebaki moja au mbili. Wengi mnaanzia mkiani.

Niseme Marekani kwanza, maana naona vichwa vingi vimeelekea huko.

Kuna milango miwili. Wa kwanza ni wa mchumba. Mwenzako ambaye ni raia anapeleka fomu I-129F. Lazima wote wawili muwe huru kuoana, na muwe mmeonana ana kwa ana ndani ya miaka miwili kabla ya kupeleka maombi. Kuonana kwa video hakuhesabiki. Ukishaingia una siku 90 za kufunga ndoa, na ni na yule yule aliyekuombea. Huwezi kufika ukaona binamu yake ndiye anakufaa zaidi. (Kicheko.) Mkishafunga ndoa unaomba ukaazi ukiwa huko huko, na mpaka kibali cha kazi kitoke unakaa kwa wakwe unaosha vyombo. Kijana aliyezoea kurudi nyumbani na bakshishi mfukoni, miezi ile humchosha kuliko kambi ya Barafu kule mlimani.

Mlango wa pili ni wa mume au mke. Mnafunga ndoa kwanza, popote, hata hapa Moshi, halafu mwenzako anapeleka fomu I-130. Watu wanaukimbia kwa sababu kusubiri kunafanyika huku, mmetengana. Ni kweli kunauma. Lakini siku unayotua umeshakuwa mkaazi, unaweza kuanza kazi. Na hesabu ya fedha huwashangaza wengi. Kwa ada za Aprili 2024, mlango wa mchumba ni dola 675 za maombi, 265 za viza, kisha 1,440 za kuomba ukaazi ukishafika. Jumla 2,380. Mlango wa ndoa ni 675, viza 325, kukagua nyaraka za udhamini 120, na 235 za kadi ya ukaazi, ile ya kijani. Jumla 1,355. Hapo daktari, picha na nauli za Dar sijagusa. Ada hupanda, kwa hiyo angalieni za siku hiyo kabla ya kulipa, lakini tofauti mmeiona.

Na huyo mwenzako lazima aonyeshe kipato. Kwenye mlango wa ndoa kipimo ni asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha kwao. Nasema hili kwa sababu huku tunadhani kila mzungu ana hela. Wapo waliopanda mlima kwa mkopo. Muulize mapema, bila aibu. Kama hafikii, atafute mdhamini wa kuungana naye, mara nyingi ni baba yake, na huyo baba mtakuwa mmeshamjua kwa namna ambayo hamkuitarajia.

Sasa nifike palipoharibu mambo ya wengi, nami nikiwemo.

Sheria yetu ya Ndoa ya 1971 inatambua ndoa ya dini, ya serikali, na ya kimila. Ya kimila ni ndoa kamili. Hata mahari yasipolipwa yote, ndoa haibatiliki kwa sababu hiyo. Wazee wetu wakisema "huyu sasa ni mke wetu", wanasema kitu chenye uzito.

Nilikuwa na mteja, kijana wa Kibosho, mwongoza watalii. Walichagua mlango wa mchumba. Wakati wanasubiri, binti akaja likizo, na nyumbani wakafurahi mno. Mbege ikapikwa, mbuzi akachinjwa, shangazi wote wakavaa kitenge cha sare, binti akavalishwa gauni jeupe kwa sababu dada wa kijana alikuwa nalo ndani, keki ikaagizwa mjini, na padre jirani akaombwa aje abariki chakula. Picha zikapigwa mia mbili na kitu. Ilipofika siku ya mahojiano ubalozini, kijana alibeba albamu nzima kama ushahidi wa mapenzi yao. Afisa akafungua, akageuza moja, akageuza nyingine, akauliza: "Hii keki ni ya nini?" Kijana akajibu kwa adabu zote: "Tulifanya harusi ndogo tu."

Ndogo tu! Kwenye fomu ameandika hajaoa. Viza ya mchumba ikaishia pale. Akasema basi aombewe kama mume. Cheti kiko wapi? Hakuna. Kwa mlango wa kwanza alikuwa ameoa mno, na kwa mlango wa pili alikuwa hajaoa vya kutosha. Iliwabidi wafunge ndoa ya serikali, waanze I-130 upya, na mwaka na zaidi ukapotea. Kosa halikuwa la afisa. Albamu ile niliipitia mimi wiki moja kabla, nikaisifia. Nilimwambia shangazi zake wamependeza.

Kwa hiyo, mkichagua mlango wa mchumba, pelekeni barua ya posa, lipeni kishika uchumba, vishaneni pete, pigeni picha za pete. Shela, keki na baraka vingoje. Mzee akikataa kungoja, na wazee wetu wana haki yao, basi msipigane naye. Badilini mlango. Fanyeni yote kwa heshima zote, andikisheni ndoa, mchukue cheti, muombe kama mume na mke. Lililo baya ni kusimama katikati. Na mnaoishi pamoja "kwa majaribio" pale Soweto au Majengo, kifungu cha 160 cha sheria hiyo hiyo kinasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na watu wakawajua kama mume na mke, huchukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Usijaze fomu yoyote bila kulikumbuka hilo.

Kufunga ndoa hapa kwenyewe kuna hesabu yake. Taarifa ya kusudio la kufunga ndoa hutolewa siku 21 kabla, na hutangazwa ili mwenye pingamizi aseme. Mimi na mume wangu, tulivyokuwa wajanja, tulipanga harusi kwenye likizo yake ya siku 16. Alifika Jumatatu, tukaenda kuuliza Jumanne, Jumatano nikawa nalia kwenye daladala la kwenda kwa mama. Leseni maalumu ya kupunguziwa muda ipo, huombwa kwa Msajili kupitia RITA, wakala wa usajili wa serikali, ila huombi ukiwa umebakiwa na wiki moja. Tulioana mwaka uliofuata. Na mimi ndiye mwanasheria.

Mgeni aje na pasipoti, cheti cha kuzaliwa, na hati ya kwao inayosema hana ndoa nyingine. Kama alishaachana, aje na hukumu ya talaka yenyewe. Cheti kikishatoka kisomeni pale pale dirishani, kabla hamjaanza kukumbatiana. Angalieni imeandikwa ni ndoa ya aina gani, maana ya kimila na ya Kiislamu huchukuliwa kuwa inaruhusu wake wengi, na afisa wa nchi nyingine atauliza. Angalieni majina, herufi kwa herufi. Sisi Wachaga hapa tuna mtihani: ubatizoni wewe ni Eliamani, shuleni Elia, kwenye kitambulisho cha taifa NIDA wameweka jina la babu mwishoni, pasipoti imeliruka. Nyumbani wote wanajua ni wewe. Mezani kwa afisa hao ni watu watatu. Rekebisheni kwa kiapo au hati ya kubadili jina kabla ya kupeleka maombi.

Uingereza nitapita haraka. Tangu Aprili 2024 mwenzako wa huko anatakiwa awe na kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka, kutoka 18,600 ya zamani, na mshahara wako wa huku hauhesabiwi unapoomba ukiwa nje. Viza ya mchumba ni miezi sita bila ruhusa ya kazi, kisha mnaomba na kulipa tena. Viza ya mwenza ni miezi 33, na unaruhusiwa kazi. Kuna mtihani mdogo wa Kiingereza, kipimo cha kifua kikuu, na ada ya afya pauni 1,035 kwa kila mwaka. Kwa bei hiyo mimi sioni sababu ya kupitia uchumba.

Ujerumani kikwazo ni lugha, kiwango cha A1, yaani cha kuanzia, kabla ya viza. Goethe-Institut, taasisi yao ya lugha, iko Dar, anzeni darasa leo, msingoje barua. Kitu ninachokipenda kwa Wajerumani ni kwamba ndoa ikidumu miaka mitatu mkiishi huko, ukaazi wako unaweza kusimama wenyewe hata ndoa ikivunjika.

Hilo ndilo swali ambalo wachumba hawaulizi, na mimi naliuliza mbele yao wote wawili: mkiachana, kibali kinabaki mkononi mwa nani? Binti mmoja alinijibu, "Dada wakili, sisi hatutaachana." Sawa. Hata anayefunga mkanda kwenye basi la Arusha hajapanga kupata ajali. Marekani kadi ni yako, ila ndoa ikiwa haijafika miaka miwili siku unayoingia, unapewa ya masharti ya miaka miwili, na lazima muombe kuondoa masharti katika siku 90 za mwisho. Uingereza unamtegemea mwenzako mpaka upate ukaazi wa kudumu, ingawa aliyepigwa na kunyanyaswa sheria inampa njia yake. Jueni hayo kabla ya kuaga.

Na wanaobaki huku? Hapa sheria yetu inaniudhi, acha niseme. Sheria ya Uraia ya 1995 inampa mke mgeni wa Mtanzania njia ya kuomba uraia kwa sababu ya ndoa. Mume mgeni wa Mtanzania haipati. Wangu mimi apitie njia ya kila mtu: kukaa jumla ya miaka saba ndani ya kumi, na mwaka mzima wa mwisho mfululizo. Vukeni mpaka wa Holili hapo, mwingie Taveta. Katiba ya Kenya ya 2010 inasema aliyeoana na Mkenya miaka saba ana haki ya kuomba uraia, awe mume au mke. Kilomita chache tu!

Kwa ukaazi wa kawaida mwenza huombewa pasi ya mtegemezi Uhamiaji. Viza ya matembezi ya siku 90 si ya kuishi. Na pasi si ruhusa ya kazi, kibali cha kazi ni cha Kamishna wa Kazi kwa sheria ya 2015. Mke wa kizungu anayepokea wageni kwenye hosteli ya mumewe Shanty Town "kusaidia tu", huyo anafanya kazi. Wakija kukagua, neno "kusaidia" halitawaokoa.

Maswali. Ndiyo, mama, wewe wa kitenge cha njano.

(Mama aliuliza kama mwanawe akichukua uraia wa Marekani atapoteza kihamba, shamba la ukoo.)

Shikamoo mama. Nilijua litakuja. Kadi ya kijani haimvui uraia, aishi nayo hata miaka ishirini. Kinachomvua ni kuchukua uraia wao, ambao mwenza wa raia anaweza kuuomba baada ya miaka mitatu ya ukaazi. Sisi hatuna uraia pacha kwa mtu mzima. Na Sheria ya Ardhi ya 1999, ilipotungwa, ilisema asiye raia hagawiwi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Hiyo hadhi maalumu ya diaspora, yaani ya wenye asili ya huku walio nje, mnayoisikia ni habari njema, lakini si uraia. Mwambie kabla ya kiapo kile aje akae na baba yake chini ya migomba waulizane kihamba kitaandikwa kwa nani. Yupo mdogo wake? Basi aje naye.

Wenye vyeti mkononi leteni hapa mezani, niangalie majina. Niko mpaka saa kumi na mbili.