Mtama, Uwele na Ulezi katika Vyungu Vyetu

Assalaam alaykum. Mheshimiwa Mwenyekiti, mama zetu, dada na ndugu zangu mliofika hapa Chake Chake, Pemba, nashukuru kupewa nafasi ya kuzungumza juu ya nafaka nzima, yaani nafaka isiyokobolewa, iliyobaki na kiini chake pamoja na ngozi ya nje ambayo kinuni hugeuka pumba.

Nafaka tatu nitakazozizungumzia zina asili ya bara letu: mtama ulianza kulimwa kaskazini-mashariki ya Afrika, uwele katika ukanda wa Saheli, na ulezi katika nyanda za juu za Afrika Mashariki. Visiwani kwetu mtama na uwele hustahimili ardhi kavu ya maweni isiyofaa kwa mpunga, mkate wa mofa hutokana na unga wa mtama, na kila apikaye boko boko, yaani ngano inayopikwa na nyama, anajua kuwa ngano haihitaji kusagwa ndipo iliwe. Hata hivyo, kijana aliyekulia wali wa mchele wa mapembe huuona mtama kuwa chakula kigeni, na kwake mazungumzo haya yana faida zaidi.

Rai yangu ni kwamba anayejaribu nafaka asiyoizoea aiingize katika chakula anachokijua, lakini aipe maji na muda inaoutaka yenyewe. Wengi huupika mtama kama mchele, ukatoka mgumu, nao wakauacha moja kwa moja.

Tuchukue mtama wa nazi. Anayeanza atafute mtama mweupe, kwa kuwa baadhi ya aina nyekundu zina tanini inayoleta ukakasi. Auchague mawe, aupepete, auoshe na kuuroweka usiku kucha, kisha ayamwage maji yale. Kikombe kimoja kinataka maji vikombe vitatu hadi vinne na takriban saa nzima ya moto wa wastani. Tui zito lisitiwe mwanzoni, kwani huungua chini ya chungu kabla punje haijaiva. Atoe punje mbili tatu, azibonyeze kwa vidole: ikiwa katikati pana chembe nyeupe ngumu, aongeze maji ya moto na asubiri. Punje iliyoiva hubonyea lakini bado hutafunika, na hiyo ndiyo tabia yake, asiitarajie ilainike kama wali. Hapo ndipo hutiwa tui na chumvi, moto ukapunguzwa, chungu kikafunikwa na makaa machache yakawekwa juu ya mfuniko mpaka tui linywewe. Kwa mchuzi wa pweza, binafsi naupenda kuliko wali. Watoto wakikataa, uchanganywe kidogo kidogo na wali wao.

Uwele huiva kwa karibu nusu saa. Unga wake, kwa sababu ya mafuta yaliyomo katika kiini, huharibika upesi na kutoa harufu nzito, kwa hiyo usagwe kidogo na uwekwe kwenye friza.

Upande wa chapati, mtama hauna gluteni, ile protini inayoufanya unga wa ngano uvutike, kwa hiyo donge lake hukatika likisukumwa. Changanyeni robo ya unga wa mtama na robo tatu za ngano, na huo wa mtama uvurugwe kwanza kwa maji yanayochemka ili ushikamane. Mwenye kisukari asidhani kuwa nafaka nzima haina wanga. Wanga upo, na kiasi cha sahani bado ni muhimu.

Ulezi nimeuweka mwisho kwa ajili ya wenye watoto wadogo. Gramu 100 zake zina zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu, mara kadhaa ya ile iliyomo katika mchele. Ukiroweshwa, ukaachwa uchipue, ukaanikwa na kusagwa, hupatikana kimea, na kijiko chake kimoja kikikorogwa katika uji mzito uliopoa kiasi huvunja wanga, uji ukawa mwepesi bila kuongezwa maji, kisha urudishwe motoni uchemke. Mtoto hupata chakula kingi katika kikombe kidogo. Nasisitiza kwamba kimea cha nyumbani kiwe cha ulezi, kwa sababu machipukizi ya mtama hubeba kemikali inayotoa sianidi, nayo ni sumu.