Muuzaji Hapimi Mtungi Wake

Ahsante mwenyekiti. Walionisikia Dodoma mwaka jana wanivumilie, maana hadithi ni ileile, ya gesi inayovuja visimani na nani anayeipima, na sina mpango wa kuibadilisha mpaka kanuni zibadilike kwanza.

Methani ni nini, sitaeleza. Mmesoma. Kwa wale wa nyuma walioinamia simu: ni hiyohiyo gesi asilia ya Songo Songo na Mnazi Bay, na ikitoroka bila kuungua, tani moja kwa kipindi cha miaka 20 hupasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko tani moja ya hewa ukaa. Basi. Tuendelee.

Jumamosi iliyopita kijana aliniletea mtungi wa gesi nyumbani. Nikamwambia apime. Akasema, "Mama, mitungi ya bosi wangu haivuji, anauza miaka kumi sasa." Nikaenda jikoni mwenyewe, nikakoroga sabuni ya unga kwenye kikombe, nikapaka pale mpira unapoungana na mtungi. Povu likafura taratibu kama shavu la chura, likapasuka, likafura tena. Yule kijana akaliangalia povu, akaniangalia mimi, akaubeba mtungi wake kimyakimya. (Kicheko.) Kuna mhandisi pale ameshafungua mdomo kuniambia kwamba ya mtungi si methani. Najua, baba, ni propani na butani. Kaa. Mimi naongelea kikombe cha sabuni: kilikuwa mkononi mwa nani?

Twendeni California. Tarehe 23 Oktoba 2015, kwenye vilima vya juu ya mtaa wa Porter Ranch, pembezoni mwa Los Angeles, kisima kiitwacho SS-25 katika hifadhi ya gesi ya Aliso Canyon kilikutwa kinavuja. Kilichimbwa miaka ya 1950 kwa ajili ya mafuta, halafu miaka ya 1970 kikageuzwa kuwa njia ya kushindilia gesi ardhini na kuitoa wakati wa mahitaji. Watu wa chini wakaanza kuumwa vichwa, wengine wakatokwa damu puani. Walijua kuna kitu kwa sababu gesi ile ilikuwa imetiwa dawa ya harufu. Ikitoka ardhini yenyewe haina harufu wala rangi, kwa hiyo kisima cha Lindi au Mtwara kikivuja, pua ya mvuvi haitamwambia lolote.

Kampuni ikamimina vimiminika vizito kisimani kutoka juu, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka mara ya saba. Wapi! Ikabidi kichimbwe kisima kingine pembeni, kikutane na kile cha kwanza huko chini, ndipo kikazibwa Februari 2016. Familia zaidi ya 8,000 zilikuwa zimehama.

Lakini ninachopenda mimi katika hadithi hii ni ndege. Mwanasayansi wa anga wa Chuo Kikuu cha California, Davis, Stephen Conley, alikuwa na kindege cha injini moja kilichofungwa mashine ya kupimia methani. Tarehe 7 Novemba akapita kwenye ile hewa inayoshuka kutoka kilimani, akaikata juu, akaikata chini, akarudi tena na tena kama mtu anayepiga pasi shuka. Akapata kama tani 44 kwa saa. Kwa saa moja, ndugu zangu! Mwisho wa mwezi zikafika 58. Kwa hesabu zilizochapishwa baadaye, jumla ikakaribia tani 97,000. Namba hizo hakuziokota kwenye fomu iliyojazwa na mwenye kisima. Alikwenda na povu lake mwenyewe.

Na valvu je? Kisima kile kiliwahi kuwa na valvu ya usalama huko chini, ya kuifungia gesi. Mwaka 1979 ikatolewa, isirudishwe. Mtasema walivunja sheria. Hapana! Kanuni za wakati ule hazikuilazimisha kwa kisima kilicho mbali na nyumba kama kile. Uchunguzi uliotolewa 2019 ukaonyesha bomba la kisima lililiwa na kutu kwa nje, na kwamba hifadhini hapo mabomba ya visima yalishavuja zaidi ya mara 60 huko nyuma bila kampuni kuchimbua chanzo. Kila mara waliziba, wakaendelea na kazi. Mara sitini! Hata paa la banda la kuku likivuja mara ya tatu mtu hupanda juu akaangalia.

Sasa nije kwenye kinachoniudhi. Nchi nyingi zinajua methani yao kwa kikokotoo. Si kile cha mafao, tulieni. (Kicheko kirefu.) Kampuni inahesabu: nina valvu kadhaa, kompresa kadhaa, matangi kadhaa. Inazidisha kila kimoja kwa kiwango kilichokadiriwa zamani, inajumlisha, inatia muhuri, inapeleka serikalini. Hakuna aliyetoka nje. Na valvu nyingi za visimani huendeshwa kwa msukumo wa gesi yenyewe, zinapumua gesi nje kila zikifanya kazi, nzima kabisa, si mbovu! Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walikusanya vipimo vya uwanjani, wakapata kwamba sekta yao ya mafuta na gesi ilikuwa inapoteza kiasi cha asilimia 2.3 ya gesi iliyozalishwa. Hiyo ilikuwa juu ya makadirio ya serikali yao kwa asilimia 60 hivi. Sababu ni kwamba kikokotoo kinajua valvu ya wastani. Hakijui mfuniko wa tangi uliosahauliwa wazi tangu Ijumaa, wala mwenge, ule moto wa kuchomea gesi isiyotumika, uliozimika usiku ukabaki unamwaga gesi mbichi hewani.

Colorado ndio walioanza Marekani, mwaka 2014: makampuni yazunguke vituoni na kamera za infraredi, yatafute, yazibe, yaandike. Kwa kamera ile unaiona gesi inafuka kama mvuke wa chai. Serikali kuu ikafuata 2016, ikafuta 2020, Bunge likarudisha 2021, kanuni kali zaidi zikatangazwa Desemba 2023, na tozo ya methani iliyowekwa na sheria ya 2022, kuanzia dola 900 kwa tani, mwaka 2025 ikasogezwa mbele hadi 2034. Pembea ya watoto. Msiniulize kesho itakuwaje.

Kuna mtu atasimama aseme: Mama, sisi gesi yetu kiduchu, wakubwa ndio wachafuzi. Sawa. Lakini gesi inayovuja ni bidhaa, haijaingia bombani wala haijalipiwa mrabaha. Na kama tunataka kuiuza Ulaya hiyo ya Lindi tunayoiota, kanuni yao waliyoipitisha 2024 inataka kuanzia 2027 mnunuzi aonyeshe jinsi methani ilivyopimwa kule gesi ilikotoka. Atauliza imepimwaje. Tutampa kikokotoo?

Mwenyekiti ananionyesha karatasi, dakika tatu. Basi Nigeria kwa haraka: sheria ya 1979 ilitaka uchomaji wa gesi visimani ukome kufikia Januari 1984, isipokuwa kwa kibali. Faini ikawa senti tu; hata ilipopandishwa 1998 ilikuwa naira 10 kwa futi za ujazo 1,000. Kulipa ilikuwa nafuu kuliko kujenga bomba, kwa hiyo walilipa. Wameipandisha 2018 hadi dola 2 kwa ujazo huohuo, kwa wazalishaji wakubwa. Na ile mienge, msidhani inaunguza kila kitu: vipimo vya ndege Marekani, vilivyochapishwa 2022, vilipata inateketeza kama asilimia 91 ya methani, wakati hesabu rasmi zilikuwa zinadhani 98.

Norwe nilikuwa na slaidi tatu. Naziruka. Setelaiti pia naziruka, ingawa hizo ndizo zingewafurahisha vijana.

Ninachoomba kwa mdhibiti wetu wa gesi ni safu moja tu kwenye jedwali la taarifa ya mwaka ya makampuni: kando ya kila namba iandikwe imepimwa au imekadiriwa, na kama imepimwa, kipimo kilishikwa na nani. Nimeliomba hili mara nne. Mara ya mwisho niliambiwa jedwali limejaa.

Ndiyo, maswali. Anza wewe mhandisi wa butani.