Simu ya Jumamosi Usiku: Maneno kwa Walimu wa Kwaya, Dodoma

Mbukwenyi! Nimepewa dakika ishirini. Mnaonijua mnajua nitaanzia wapi, na hamjakosea: naanzia kwenye simu ya Jumamosi saa tatu usiku.

"Mwalimu, kesho ibada ya kwanza tuna nyimbo nne, tupigie kinanda." Nyimbo gani? "Utazikuta hukohuko." Do, yaani sauti ya msingi, ni ipi? "Wewe tufuate tu."

Ndugu zangu, nimefuata! Kuna kwaya moja, siitaji, ilianza do ikiwa G. Ubeti wa tatu wameshuka hadi F, na hakuna aliyeaga. Mimi huku nahangaika na vitufe kama mlevi anayetafuta tundu la kitasa. Ibada imekwisha, mwalimu wao ananishika mkono kwa upole kabisa: "Leo kinanda kilitupoteza." Kinanda!

Sasa yupo mpiga piano wa Aisilandi, Víkingur Ólafsson. Msimu wake wa 2023/24 aliutoa kwa kazi moja tu ya mtunzi Bach, ile yenye wimbo mmoja na mageuzo 30, iliyochapwa 1741. Matamasha 88, sawasawa na vibonyezo vya piano. Najua mtakachosema, maana mlishaniambia: huyo ana meneja, ana tiketi za ndege. Sawa. Lakini kumbi zile hupanga ratiba mwaka mmoja, miwili kabla. Ratiba inataka meneja? Inataka kauntabuku na kalamu!

Na baada ya kupiga peke yake msimu mzima, 2024 hiyohiyo akaanza ziara na Yuja Wang, piano mbili. Yuja Wang ndiye yule aliyepiga konsato zote nne za mtunzi Rachmaninoff, yaani kazi za piano na okestra, siku moja, Januari 2023, Carnegie Hall, New York, na okestra ya Philadelphia. Akaongeza na rapsodia ya mtunzi huyohuyo. Mwenye vidole hivyo anamhitaji nani? Akakaa akamsikiliza mwenzake. Piano mbili hazina huruma. Waimbaji arobaini wakiingia ovyo kidogo, sauti zinafunikana, tunasema "wamebarikiwa". Nyundo ya piano ikishagonga waya imegonga; mwenzako akichelewa nukta, ukumbi mzima umesikia mapigo mawili. Kwa hiyo wanapumua pamoja, na pumzi ya pamoja haitafutwi madhabahuni asubuhi.

Kuna mzee pale anatikisa kichwa: mambo ya Wazungu. Mzee wangu, Yuja Wang kazaliwa Beijing. Na tuwaache hao. Akina mama wa muheme, ile ngoma ya wanawake hapa Ugogoni, umeshaona mmoja anaingiza ngoma kabla hajamsikia jirani yake? Mwanamuziki wetu Mgogo, Hukwe Zawose, na ilimba yake, ile ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, na zeze lake, alifanya albamu na mwanamuziki Mkanada Michael Brook, ikatoka 2002. Unadhani Brook aliambiwa "tufuate tu"?

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kusema kwa kirefu jinsi kiangazi chetu kinavyokausha ubao wa piano hadi sauti zinateleza. Basi, msiiweke dirishani penye jua, na mvua zikianza mwiteni fundi aisikilize upya. La malipo ya mpiga kinanda mnalijua, mnajifanya tu.

Leo ni Jumamosi. Simu yangu naizima saa mbili na nusu.