Kidingapopo ndani ya seli zetu

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za jioni.

Nimechagua kirusi cha homa ya dengi, kidingapopo, kwa sababu mlipuko wa 2019 uliipiga Tanga yetu pamoja na Dar es Salaam. Habari za mbu anayeuma mchana mmekwisha kuzisikia sana. Mimi nataka tumfuate mgeni huyu akishaingia mwilini, maana hapo ndipo penye mambo.

Kila seli imezungukwa na utando wa mafuta, mwembamba kiasi cha nanometa 5 tu (nanometa ni sehemu moja ya milioni ya milimita). Kirusi cha dengi, chenye upana wa nanometa 50 hivi, hakiutoboi. Hujishikiza juu yake, na seli yenyewe hukimeza ndani ya kifuko. Kisha seli hukitia kifuko hicho asidi, kama inavyofanya kwa kila inachokimeza. Asidi hiyo ndiyo kirusi kinayoisubiri! Juu ya gamba lake zimelala protini 180. Zikiguswa na asidi huinuka tatu tatu, huchomeka ncha zao kwenye utando wa kifuko, kisha hujikunja na kuuvuta mpaka utando wa kirusi na wa seli vinaungana. Chembe za urithi za kirusi zinamwagika ndani, na seli inaanza kumfanyia kazi adui.

Virusi vipya navyo huvikwa utando uliotoka ndani ya seli yetu. Njiani kutoka hupita tena penye asidi, lakini safari hii protini nyingine ndogo huwa imefunika zile ncha zisifyatuke mapema. Nimeisoma habari hii miaka mingi na bado inanishangaza.

Sasa kinga. Dengi ina aina nne. Ukiugua moja, mwili hutengeneza kingamwili zinazoizuia aina hiyo kwa miaka mingi. Ikija aina nyingine, kingamwili zile za zamani zinaweza kukishika kirusi bila kukilemaza. Seli nyeupe huushika mkia wa kingamwili, huvuta, humeza, kwa nia ya kuua. Ndani ya kifuko kuna nini? Asidi ile ile. Kwa hiyo mlinzi anaambukizwa kwa kazi yake ya ulinzi, na virusi vinaongezeka kuliko mara ya kwanza.

Ndiyo maana Ufilipino ilisimamisha chanjo ya dengi mwaka 2017: kwa watoto ambao hawajawahi kuambukizwa, inadhaniwa ilifanya kama maambukizi ya kwanza, na ilionekana kuongeza hatari ya kuugua vibaya baadaye.

Na ndiyo maana nawasihi, aliyewahi kuugua dengi asiseme "mimi nimeshaizoea". Homa ikishuka halafu tumbo likauma sana, matapishi yasikome, au fizi zitoke damu, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Kwa maumivu mpeni parasetamo. Aspirini na ibuprofeni huzidisha hatari ya kuvuja damu.

Karibuni maswali. Mama pale nyuma, nimeuona mkono wako.