Kinundu Kinachoteleza Chini ya Ngozi

KASSIM: Dada Salma, wiki hii wasikilizaji wameshikilia swali moja: "Nina kinundu begani, nikikigusa kinateleza. Ni saratani?"

SALMA: Wengi wanaoeleza hivyo wana lipoma, yaani uvimbe wa mafuta. Chembe za mafuta hujikusanya chini ya ngozi zikazungukwa na utando mwembamba. Ubonyeze taratibu kwa ncha ya kidole: ni laini kama donge la unga wa chapati, unabonyea, kisha unakuponyoka. Kwa kawaida hauumi. Ngozi ya juu yake ni ile ile, haina joto wala wekundu.

KASSIM: Hupenda kuota wapi?

SALMA: Shingoni, mabegani, mgongoni, mikononi, mapajani. Huonekana zaidi kati ya miaka 40 na 60, na mingi haifiki sentimita 5.

KASSIM: Mtaani wanasema ni chipsi hizo.

SALMA: Hapana, kaka. Watu wanalaumiwa bure. Hata wembamba wanaota, na kupunguza uzito hakuuondoi. Chanzo chake hakijajulikana vizuri, ila kuna familia unarithiwa: baba anayo mikononi, mtoto akifika utu uzima naye anaanza.

KASSIM: Halafu kuna wanaochanja kwa wembe, wengine wanapaka dawa za kuunguza.

SALMA: Hilo linaniuma sana! Lipoma si jipu, ndani hamna usaha wa kukamua. Ukichanja unajitafutia kidonda na kovu. Wembe wa kuchangia unaweza kukupa homa ya ini au VVU, na uvimbe uko pale pale. Kama unakusumbua, tuseme mkanda wa sidiria unausugua, daktari anakuchoma sindano ya ganzi, anapasua ngozi kidogo, anautoa mzima pamoja na utando wake. Donge la njano, laini. Mara nyingi unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Ila ulizia kama linapelekwa maabara, lisitupwe tu.

KASSIM: Na wa kutia wasiwasi ni upi?

SALMA: Unaokua haraka, mgumu, usiosogea, unaouma, uliozidi sentimita 5, ulio ndani kabisa kwenye msuli, au uliotolewa ukarudi. Huo unataka ultrasaundi, pengine na kukatwa kinyama cha kupima, maana ipo saratani ya mafuta, liposakoma. Ni adimu, lakini ipo. Na uvimbe wa titi au wa kwapani usijipimie mwenyewe hata siku moja, hata kama unateleza.

KASSIM: Nikishapimwa nikaambiwa ni lipoma, na hainisumbui?

SALMA: Iache. Weka rula pembeni yake, piga picha kwa simu, baada ya miezi kadhaa upige nyingine ulinganishe. Ukiona imeongezeka, rudi kliniki na picha zote mbili.